Kusoma Alama Katika Nyimbo za Vibonzo

Somo kwa wazazi, walezi na walimu wa Shule ya Jumapili

Someni kwanza: Mathayo 16:1–3, Yohana 9:1–7, Isaya 11:6–9, 1 Petro 5:8, Ufunuo 5:5.



Watoto wetu hapa Kiabakari wanaimba nyimbo ambazo sisi hatukuwafundisha. Wanazipata katika televisheni na katika simu za wazazi wao. Nyingi huja na picha zinazocheza, ambazo huitwa vibonzo au katuni: wanyama wanaosema, namba zinazotembea, nyota zenye macho. Baadhi ya wazazi wanauliza kama yafaa watoto kuzitazama. Wapo waliokwisha kuwakataza kabisa, wakisema ndani ya picha hizo zimefichwa alama za giza. Wapo pia wanaomwachia mtoto simu kutwa nzima, mradi anyamaze na kazi za jikoni ziendelee.

Somo hili halifuati njia ya kukataza yote wala njia ya kuachia yote. Linapendekeza njia ya tatu, nayo ni mzazi kuketi na mtoto, kutazama naye, na kumfundisha kusoma alama. Kwanza tutaeleza vibonzo ni nini, kisha tutatenganisha aina tatu za alama, halafu tutaona jinsi ya kuendesha somo lenyewe. Lakini tunaomba msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la kuwafurahisha watoto tu. Mtu asiyejua kusoma alama anaweza kumdhulumu jirani yake, na katika Kanda hii yetu ya Ziwa wako watu waliopoteza maisha kwa sababu hiyo. Jambo hilo tutalifikia katika sehemu ya nne.

1. Vibonzo ni nini, na vimetoka wapi?

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kibonzo ni picha nyingi zilizochorwa, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Zinapopitishwa upesi, kama picha 24 kwa sekunde moja katika filamu ya sinema, jicho haliwezi kuzitenganisha, basi huona mwendo. Mtoto anaweza kujifanyia kibonzo chake kwa daftari kuukuu: achore mpira katika pembe ya ukurasa wa kwanza, katika ukurasa wa pili auchore juu kidogo, na hivyo hivyo mpaka kurasa 20, kisha azipeperushe kwa kidole gumba. Mpira utapaa. Zoezi hili halitaki umeme wala fedha, na linamfundisha mtoto jambo kubwa, kwamba alichokiona kimetengenezwa na mtu.

Tukiisha kujua hivyo, twapata haki ya kuuliza maswali. Ukipiga picha ya soko letu kwa kamera, mbwa anaweza kupita mbele bila mtu kukusudia. Katika kibonzo hakuna mbwa apitaye kwa bahati. Kama yumo, kuna mtu aliyemchora, akamchagulia rangi, akamwambia apite. Kwa hiyo swali la "kwa nini amemweka hapo?" ni swali la haki, na mtoto afundishwe kuliuliza.

Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1974. Sisi wa Bara tulingoja hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kwa miaka mingi vibonzo vilivyoonekana vilitoka nchi za mbali, na watoto walijifunza habari za theluji kabla ya habari za mvua za masika. Hali hiyo imebadilika. Mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa hadithi za Tinga Tinga Tales, zilizochorwa Nairobi kwa kufuata mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyezaliwa Tunduru, akafanya kazi yake Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972. Yeye alipaka rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, akachora wanyama wa porini kwa namna iliyojulikana baadaye ulimwenguni kote. Halafu mwaka 2014 kikundi kiitwacho Ubongo, chenye makao yake Dar es Salaam, kilianza kuonyesha vipindi vya Ubongo Kids kwa Kiswahili, vyenye nyimbo za hesabu na sayansi. Mwaka 2016 kikaongeza Akili and Me kwa ajili ya watoto ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Vipindi vya Ubongo Kids vimetangazwa redioni pia.

Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulihusu watoto zaidi ya 500 wa umri wa kwenda chekechea. Waliotazama Akili and Me walionekana kuendelea katika namba, herufi na mambo mengine kuwapita wenzao waliotazama vipindi vingine. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba vibonzo vyote ni upuuzi. Lakini kujua kuhesabu na kujua maana ni mambo mawili. La kwanza wimbo waweza kulifundisha wenyewe. La pili lataka mtu mzima aketi karibu.

2. Aina tatu za alama

Katika Kiswahili twatumia neno "alama" kwa mambo mengi, na kuchanganya mambo hayo ndiko kunakoleta taabu. Kwa ajili ya somo hili tuyagawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni dalili. Dalili imefungamana na jambo lenyewe kwa asili. Dalili ya mvua ni mawingu, na pale panapofuka moshi pana moto. Hapa hatuulizi mtu alikusudia nini, bali tunauliza sababu ni nini. Homa ni dalili ya ugonjwa, na kazi yetu ni kwenda zahanati kupima damu, kwa kuwa kubahatisha maana ya homa hakumponyi mtu. Bwana wetu aliwakumbusha Mafarisayo na Masadukayo kwamba walijua kusoma uso wa mbingu asubuhi na jioni. Hakuwalaumu kwa ujuzi huo. Aliwalaumu kwa kuwa hawakuweza kuzitambua ishara za majira yao.

Fungu la pili ni nembo. Nembo ina maana kwa sababu watu wamekubaliana. Chukueni cheti cha serikali, mwonyesheni mtoto Nembo ya Taifa. Bwana na Bibi wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu. Chini yao kuna pamba na karafuu. Ndani ya ngao kuna Mwenge wa Uhuru, bendera, mkuki, shoka na jembe, pamoja na mawimbi ya maji. Sehemu ya juu ya ngao ina rangi ya dhahabu, nayo inasimama kwa ajili ya madini ya nchi yetu. Mtoto wa Kiabakari hana shida kuelewa hilo, kwa kuwa mgodi wa dhahabu uliofungwa hapa mwaka 1966 bado unatajwa na wazee. Mwenge nao una habari yake. Uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, mwaka 1961, na Alexander Nyirenda, kutimiza wazo alilokuwa amelitoa Julius Nyerere, mwana wa Butiama, miaka miwili kabla yake: taa juu ya mlima ilete tumaini na upendo na heshima mahali vilipokosekana. Moto wenyewe hauna maneno. Ni sisi tuliokubaliana kuupa maana hiyo, na asiyefundishwa huona moto tu.

Fungu la tatu ni fumbo, au mfano. Fumbo ni picha iliyochukuliwa kutoka jambo moja ili kulieleza jambo jingine. Kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai. Hakuna mtu anayetafuta fundi wa kuweka mlango, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba tumeingia katika mchezo wa maana. Nabii Nathani alipomsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, mfalme alidhani ni kesi ya kondoo. Alikasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe. Fumbo lilikuwa limeupitia ulinzi wake wote.

Haya ndiyo mafungu matatu: dalili ina sababu, nembo ina mapatano, fumbo lina mfanano. Anayesoma dalili kama fumbo amekosea, na anayesoma fumbo kama habari ya kweli ya porini amekosea pia.

3. Akili na rafiki zake

Sasa tutazame mfano ulio karibu. Katika Akili and Me kuna msichana mdogo wa miaka minne aitwaye Akili, anayekaa na jamaa yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku anapolala huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land. Huko anao rafiki wanyama: simba mdogo, kiboko mwenye furaha, na komba. Pamoja nao hujifunza herufi, namba na upole kwa njia ya nyimbo.

Alama ni nyingi hapa hata kabla wimbo haujaanza. Jina lake ni Akili, nayo ndiyo inayosafiri usiku mwili ukiwa kitandani. Anakaa chini ya mlima ule ule ulio katika Nembo ya Taifa, hivyo mtoto yeyote wa Tanzania anaweza kusema, "Huyu ni wa kwetu." Anaingia mahali pa kujifunza kwa mlango wa usingizi. Katika Biblia nako usingizi umekuwa mlango: Yakobo alilaza kichwa juu ya jiwe akaona ngazi, na Yusufu mchumba wa Mariamu aliagizwa katika ndoto. Hatusemi kwamba waliotengeneza kipindi walikuwa wanafikiri habari za Yakobo. Twasema kwamba mtoto aliyezoea kuuliza maana ya usingizi wa Akili atakuwa tayari siku atakaposomewa habari za Betheli.

Halafu wapo wanyama. Simba wa Serengeti si rafiki ya mtoto. Kiboko wa ziwa letu hupindua mitumbwi, na wavuvi wa pwani za Musoma na Bunda wanamjua kwa msiba. Komba hulia usiku kwa sauti kama ya mtoto mchanga, na wengi wetu tulipokuwa wadogo tulijifunika shuka tuliposikia. Katika wimbo hao wote wanacheka na kuhesabu. Je, ni uongo? La, ni fumbo. Simba mdogo anaweza kuwa hasira au woga wa mtoto mwenyewe, jambo kali linalofundishwa taratibu kuwa pole. Na nabii Isaya alikwisha kuichora picha hiyo zamani: wanyama wakali na wanyama wapole wanalala pamoja, na anayewaongoza ni mtoto mdogo. Sisi twaisoma kila mwaka katika majira ya Majilio pasipo kudhani kwamba nabii alikuwa hamjui simba.

Lakini hapa pana onyo. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, ambaye walimu wa vyuo vya ualimu wanamfahamu vema, alionyesha kwamba mtoto mdogo hushika kile anachokiona kwa macho na kukigusa kwa mkono. Uwezo wa kufikiri mambo yasiyoshikika hukomaa polepole, na huonekana wazi zaidi akikaribia miaka 11 au 12. Maana yake, mtoto wa miaka minne anayekaa kando ya ziwa na kuimba na kiboko hana budi kuambiwa waziwazi: "Huyu wa kwenye picha ni wa mchezo. Yule wa majini ukimwona, kimbia, umwite mtu mzima." Fumbo lisiloelezwa laweza kumponza mtoto.

4. Hofu ya alama, na ubaya wa kusoma vibaya

Tumesema kwamba wako wazazi wanaoogopa. Wamesikia kwamba pembetatu, jicho moja, nyoka au pembe katika kibonzo ni sahihi ya chama cha siri. Tusiwacheke, maana mzazi anayeogopa kwa ajili ya mtoto wake anafanya kazi ya mzazi. Lakini tumwonyeshe njia iliyo bora kuliko kuwinda alama.

Fikirini simba tena. Mtume Petro anasema kwamba adui yetu Ibilisi huzunguka kama simba angurumaye. Yohana katika Ufunuo anamwita Bwana wetu Simba wa kabila la Yuda. Mnyama ni mmoja, nao wanaotajwa ni wawili walio mbali kuliko mbingu na nchi. Nyoka vivyo hivyo. Katika Mwanzo ndiye mdanganyifu. Katika Hesabu sura ya 21 Musa ananyanyua nyoka wa shaba na waliomtazama wanapona, na Bwana mwenyewe analichukua jambo hilo kuwa mfano wa kusulubiwa kwake. Lakini katika Wafalme wa Pili sura ya 18 mfalme Hezekia anaivunja shaba ile ile, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Pembetatu mnaiona katika makanisa mengi, nayo hutukumbusha Utatu Mtakatifu.

Basi alama haina maana ikiwa peke yake. Maana yake inatoka katika habari iliyomo: nani anaitumia, kwa ajili ya nani, na inamwelekeza mtu wapi. Mzazi anayetaka kujua kama wimbo ni mbaya asitafute umbo lililofichwa pembeni. Aulize wimbo unamfundisha mtoto kumpenda nani na kumdharau nani. Wimbo unaweza kuwa hauna pembetatu hata moja, lakini ukamfundisha mtoto kwamba mnene ni wa kuchekwa, maskini ni mchafu, na msichana hana kazi ila kujipamba. Hapo ndipo pa kuzima simu. Na somo la nyoka wa shaba halijapitwa. Alama njema inaweza kugeuka sanamu. Mtoto ambaye hali wala halali bila simu amekwisha kuanza kufukiza uvumba, hata kama wimbo ni wa kuhesabu.

Sasa tuje kwenye lile tulilotangulia kulisema. Katika vijiji vya Kanda ya Ziwa, kwa miaka mingi, bibi mwenye macho mekundu amesomwa kama fumbo. Watu wamesema wekundu ule ni alama ya uchawi. Mvua ikikosa, mtoto akifa, ng'ombe wakiugua, mkono umenyooshwa kwenye nyumba yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti mwaka 2012 kwamba watu wapatao 3,000 waliuawa Tanzania kati ya mwaka 2005 na 2011 kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Ndugu, macho yale ni dalili. Bibi amepika miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, kwa kuni na kwa samadi kavu. Moshi umeyaunguza macho yake akiwalisha watoto, na wajukuu baada yao. Alama ya mapenzi yake imesomwa kuwa alama ya uovu wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ndugu zetu wenye ualbino pia. Ngozi yao haina rangi ya kutosha kwa sababu ya urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Hiyo ni dalili yenye sababu inayojulikana. Waganga waongo waliifanya fumbo la utajiri, na watu wakawindwa kama wanyama.

Kosa hili ni la kale. Wanafunzi wa Yesu walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Walisoma upofu kama maandishi ya dhambi. Bwana alikataa majibu yote mawili. Hakukubali mwili wa mtu ufanywe kitendawili cha kumhukumu. Kisha akainama, akafanya tope, akampaka macho. Yaani pale wengine walipotafuta mkosaji, yeye alitafuta la kufanya.

Kwa hiyo tunapomfundisha mtoto wa miaka saba kuuliza, "Je, hii ni dalili, ni nembo, au ni fumbo?" hatuchezi. Twamwandaa kijana ambaye siku moja atasimama katikati ya kundi lenye hasira na kusema, "Macho ya bibi huyu ni ya moshi."

5. Jinsi ya kuendesha somo

Chagueni wimbo mmoja tu, wa dakika mbili au tatu. Mtu mzima autazame kwanza peke yake. Simu isiachwe ijiendeshe, kwa maana wimbo mmoja ukiisha huleta mwingine ambao hamkuuchagua.

Tazameni mara tatu. Mara ya kwanza watoto waangalie na kuimba tu, bila maswali. Mara ya pili zimeni sauti, watazame picha peke yake. Mara ya tatu geuzeni simu uso chini, wasikilize maneno peke yake. Watoto watashangaa kuona kwamba picha husema mambo ambayo maneno hayakusema.

Ulizeni "mmeona nini?" kabla ya "maana yake nini?" Wengi wetu tunakosea kwa kuruka daraja hilo. Tuseme mmetazama wimbo ambamo Akili na wanyama wanahesabu pamoja. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mmeona nini?
Mtoto: Nimeona simba, Mwalimu.
Mwalimu: Alikuwa anafanya nini?
Mtoto: Anacheza na Akili.
Mwalimu: Na sisi tukimkuta simba kule Serengeti, tutacheza naye?
Watoto: Hapana, Mwalimu! Atatula!
Mwalimu: Mbona huyu hakumla Akili?
Mtoto: Kwa sababu ni mdogo.
Mtoto wa pili: Kwa sababu ni rafiki yake.
Mtoto wa tatu: Kwa sababu Akili anaota.

Majibu yote matatu ni mema, na mwalimu asikimbilie kuchagua moja. Amshukuru kila mmoja, kisha aulize, "Umejuaje? Nionyeshe katika picha." Swali hilo ndilo moyo wa somo. Linamzoeza mtoto kutafuta ushahidi kabla ya kutoa hukumu. Mtoto akisema jambo lisilo na ushahidi, msimkemee. Mwambieni, "Haya, tutazame tena pamoja."

Baada ya hapo wape watoto ubao wenye mafungu matatu: dalili, nembo, fumbo. Kila mmoja ataje kitu alichokiona katika wimbo, au njiani akija kanisani, na wakubaliane kinaingia fungu gani. Moshi wa jikoni, bendera ya shule, msalaba wa kanisani, mawingu juu ya ziwa, simba wa Akili. Vingine vitaingia mafungu mawili. Maji ya ubatizo, kwa mfano, yana mfanano wa kuosha, na pia yana agizo la Bwana. Watakapobishana kwa upole juu ya hayo, jueni somo limefika.

Mwisho wasomeeni andiko moja na kuwauliza maswali yale yale. Kwa wadogo, Isaya 11:6. Kwa wa miaka kumi na zaidi, Yohana 9. Kwa wanaojiandaa kwa Kipaimara, habari ya Nathani na Daudi.

Mahali pasipo simu wala umeme, somo hili linafanyika kwa daftari la picha tulilolieleza, au kwa kanga. Kila kanga ina picha na ina maneno, na mama aliyeivaa anaweza kuulizwa kwa heshima aliichagua kwa nini.

6. Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

(a) Tajeni wimbo mmoja wa vibonzo ambao watoto wenu wanaupenda. Unawafundisha kumpenda nani? Je, kuna mtu unayewafundisha kumdharau?

(b) Katika kijiji chetu ni dalili gani za maradhi, uzee au umaskini zinazosomwa kama alama za uovu? Sisi tumesema nini tulipozisikia zikisemwa?

(c) Kwa nini Hezekia alivunja kitu ambacho Musa alikitengeneza kwa amri ya Mungu? Katika nyumba zetu kuna kitu gani chema kilichoanza kupewa nafasi isiyo yake?

(d) Kuna bibi gani jirani anayepika katika moshi? Vijana wa kanisa na akina mama wa Umoja wanaweza kumtobolea dirisha jikoni au kumtengenezea jiko lenye bomba la moshi kabla ya mvua. Andikeni jina lake na siku ya kwenda.

Swali hilo la mwisho lisiachwe bila jibu. Tukijua kwamba wekundu wa macho ni wa moshi, basi kujua huko kunatudai kazi.

Sala

Ee Mungu, uliyeandika utukufu wako katika mbingu, ukatujia katika mwili wa Mwanao: uyafungue macho yetu na ya watoto wetu, tusome kwa haki yale tunayoyaona, utuepushe na hofu isiyo na ushahidi na hukumu isiyo na huruma, uwalinde wazee wetu na wote wanaodhaniwa vibaya, na utufanye wepesi wa kutenda mema kuliko kutafuta wakosaji, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.